Inua Jamii: mzee ameandikwa, mbona pesa haiingii? Maswali ya kila siku kuhusu kungoja

Kabla hujauliza, mimi si afisa wa serikali. Nina saiba ndogo huku Kilifi, kompyuta tatu na printa moja ya kubembeleza, na tangu bibi yangu aingie Inua Jamii (ule msaada wa pesa wa serikali ya Kenya kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, watu wenye ulemavu mkali na nyumba zinazolea mayatima) basi kila mtu mwenye mzee nyumbani anakuja kwangu. Maswali ni yaleyale, nimechoka kuyajibu mojamoja kwenye WhatsApp, nimeona niyaandike yote mara moja mtu akiniuliza nimtumie hii. Nikirukaruka mnisamehe, naandika huku watu wanangoja kopi.

Niambie tu, inachukua siku ngapi?

Hakuna siku ngapi. Najua jibu hili linaudhi lakini ndio hali yenyewe. Ukiomba pasipoti unaambiwa siku, Inua Jamii haiendi hivyo kwa sababu huombi siku unayotaka wewe. Serikali inatenga kwenye bajeti pesa ya watu wapya, halafu ndio usajili unatangazwa, chifu anaita baraza, watu wanaandikwa, ikifungwa imefungwa. Usajili mkubwa wa wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuwa 2017 na malipo yakaanza 2018. Waliofika 70 baada ya hapo wengi walikaa tu wakingoja mpaka 2023 ndio serikali ikafungua tena kuandika wapya. Kwa hiyo mtu aliyetimiza 70 mwaka 2019 na akawa anapanda boda kila mwezi kwenda kuuliza "fomu yangu imefika wapi", maskini fomu yenyewe haikuwepo.

Ndio maana mtu akija hapa swali langu la kwanza ni, uko hatua gani? Hujaandikwa, umeandikwa hujaitwa, umeitwa hujafunguliwa akaunti, au una akaunti na haina kitu? Hizo ni kungoja nne tofauti na kila moja ina mlango wake wa kugonga. Bibi yangu aliandikwa katikati ya 2017, pesa ya kwanza akaishika 2018. Wengine waliandikwa naye siku ileile wakangoja muda mrefu zaidi.

Baba ametimiza 70 mwezi uliopita. Pesa itaanza lini, na atalipwa ya kuanzia siku aliyotimiza?

Hatalipwa ya nyuma. Hesabu inaanza pale jina linapoingia kwenye orodha ya malipo, si siku ya kuzaliwa. Miaka anayokaa nje akingoja usajili ufunguliwe imepotea hiyo, hairudi.

Halafu kuna hii ya umri. Umri unaosomwa ni ule wa kitambulisho, si ule mnaoujua nyumbani. Wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, afisa alimwangalia mtu usoni akakisia mwaka akaandika. Nina mzee mmoja jirani, siku ya Uhuru 1963 alikuwa tayari ana mke, kitambulisho kinasema amezaliwa 1958, yaani alioa akiwa na miaka mitano au chini ya hapo. Mzee kama huyo asisubiri baraza, aanze mapema kurekebisha mwaka kwenye ofisi ya usajili wa watu na ushahidi wowote alionao, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, cha ndoa, kwa maana hiyo nayo ni safari yake peke yake na Inua Jamii haitamngoja.

Nimeenda kwa chifu nikaambiwa usajili haujafunguliwa. Ananizungusha?

Inawezekana kabisa anasema kweli. Chifu hafungui usajili, anatangaziwa kama wewe. Unachoweza kufanya ni kumwachia jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu inayopatikana (si ile ya kijana ambaye anabadilisha laini kila mwezi), umpe pia naibu wa chifu na mzee wa kijiji, maana baraza likiitwa hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Usajili ukifunguliwa siku huwa ni chache. Kuna familia hapa zilikosa kwa sababu mzee alikuwa ameenda kumzika ndugu yake Taita na hakukuwa na mtu wa kumwambia arudi.

Tukishaandikwa, kinachoendelea huko ndani ni nini hasa?

Hapa ndipo muda mwingi unapoliwa na hapaonekani. Yule kijana au dada aliyekuja na tableti akawauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mnapikia nini, mbuzi wangapi, choo kikoje, yale majibu yanaingia kwenye sajili moja ya watu wote wanaosaidiwa. Huko yanapimwa kuona nyumba ina hali gani. Namba ya kitambulisho inalinganishwa na sajili ya taifa ya watu, ionekane kama jina ni hilo, umri umefika, na mtu yuko hai. Inaangaliwa pia kama mzee anapokea pensheni ya serikali au yumo kwenye msaada mwingine wa aina hii. Wakishamaliza majina yanarudi chini, yanasomwa barazani watu waseme kama kuna aliyehama, aliyefariki, au mwenye nyumba ya ghorofa aliyejipenyeza. Baada ya hapo ndio mnaitwa kuandikishwa rasmi na kufunguliwa akaunti, na akaunti ikishafunguliwa jina linangoja liingie kwenye orodha ya malipo yanayofuata.

Ile siku ya kusomewa majina msikose. Watu wanajaa siku ya kuandikwa, siku ya kusomewa wanaona haina maana, kumbe ndiyo siku ambayo kosa likionekana linarekebishwa palepale bila nauli.

Tuliandikwa siku moja na jirani. Yeye analipwa, sisi kimya. Kwa nini?

Sababu ninazoziona mimi kila siku ni chache: jina halifanani, namba ya kitambulisho imeandikwa vibaya tarakimu moja, au mlipigiwa simu mje kuandikishwa na simu ilikuwa imezimwa. Mara nyingine ni kwamba majibu ya yale maswali yamewatoa, mna paa la mabati na jirani ana la makuti, basi. Ukiona haki haikutendeka hapo usigombane na jirani, yeye hakujiandika. Ruka mpaka chini nilipoandika kuhusu barua.

Jina halifanani maana yake nini? Mama ni yuleyule!

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililotuchelewesha sisi.

Majina ya Kimijikenda yana dz. Bibi jina lake lina dz katikati. Karani wa kitambulisho, zamani hizo, aliandika z peke yake. Dada wa tableti alipokuja 2017 akamwuliza bibi jina, bibi akajitaja kama anavyojitaja, dada naye msichana wa hukuhuku akaandika dz, vizuri kabisa, sahihi kabisa. Sistimu ikakataa. Yaani aliyeandika sawa ndiye aliyetutia mashakani, na aliyekosea miaka 40 nyuma ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Hatukujua hivyo kwa miezi. Tulikuwa tunaambiwa "ngojeni, bado". Ofisi moja ikatutuma nyingine, ile nyingine ikaturudisha. Siku moja afisa mmoja, Mungu ambariki, akageuza ile kompyuta nikaona mwenyewe kwenye skrini, mistari miwili, wa juu jina lenye dz, wa chini jina lenye z, na pembeni alama nyekundu. Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua hata dakika kumi, lakini ilibidi kungoja malipo yanayofuata ndio aingie.

Kwa hiyo siku ya kuandikwa mpe mwandishi kitambulisho chenyewe aangalie herufi kwa herufi, usimtajie jina kwa mdomo. Mwambie asome kwa sauti alichoandika. Kama kitambulisho kimefutika andika namba kwenye karatasi kubwa. Piga picha ya skrini yake akikuruhusu, au mwombe namba ya usajili uandike nyuma ya daftari la mtoto, popote, bora usiipoteze.

Mashine ya benki haisomi vidole vya mama

Vidole vya watu waliolima, waliosuka makuti, waliokuna nazi miaka 60 vinakuwa laini kama kokoto ya baharini, mistari haipo. Bibi aliweka dole gumba mara kumi na moja, nilihesabu. Yule dada wa benki akampangusa kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, akajaribu cha shahada, cha kati, akamwambia asibonyeze kwa nguvu, aweke tu kama anagusa shavu la mtoto, ndipo kidole cha pete cha kushoto kikakubali. Sasa tunajua, kila tukienda tunaanza na hicho.

Msiondoke kwa sababu kidole kimoja kimekataa. Ombeni vyote kumi vijaribiwe. Vikikataa vyote, muulizeni afisa njia ya kumtumia msaidizi aliyeandikishwa (naeleza chini), na aandike kabisa kwamba vidole vimeshindikana, la sivyo mtarudishwa nyumbani kila mara na mtu mpya asiyejua habari yenu.

Akaunti ipo, kadi ipo, pesa hakuna. Nimpigie nani?

Kabla ya kupiga simu toka nje uulize kijiji. Kama hakuna hata mzee mmoja aliyelipwa tatizo si lenu, ni Hazina haijaachilia pesa. Kama wenzenu wamelipwa na nyinyi hamjalipwa, hilo lenu, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo na kitambulisho na kadi.

Pesa ni 2,000 kwa mwezi lakini usitegemee ije kila mwezi kama mshahara. Imekuwa ikilipwa ya miezi miwili pamoja, 4,000, kuna wakati inachelewa hadi inakuja ya miezi minne, 8,000, kuna wakati inakuja ya mwezi mmoja. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, na ile Julai mpaka Septemba mimi huwa nawaambia wateja wangu msikope dukani kwa ahadi ya Inua Jamii. Ukishakuwa kwenye orodha, miezi iliyochelewa huwa inakuja pamoja. Ya kabla hujaingia kwenye orodha ndiyo haiji.

Na kama mzee hajagusa akaunti muda mrefu, tuseme alilazwa, au alienda kukaa kwa mwanawe Nairobi, pesa inaweza kusimamishwa kwa kudhaniwa hayupo tena. Mpelekeni aonekane. Akiwa hawezi kutoka kitandani mwiteni afisa au kamati ya wanufaika wa kijiji waje nyumbani wamwone, hiyo kamati ipo na kazi yake mojawapo ni hiyo.

Msaidizi ni lazima? Nani afae?

Mzee anayejiweza anaenda mwenyewe, lakini mwekeni msaidizi, yaani wa kumchukulia pesa akishindwa, tangu siku ya kwanza, maana kumwongeza baadaye ni kuanza foleni upya. Awe mtu mzima mwenye kitambulisho, na awe anayeishi na mzee. Narudia, anayeishi naye. Kila mtu anataka kumweka yule kijana mjanja aliye Mombasa, halafu mzee akiugua kijana hana nauli ya kurudi na kadi iko mfukoni mwake. Bibi tulimwekea shangazi yangu, hajui kutumia simu ya kupangusa lakini yupo.

Mtoto wangu ana ulemavu. Nina kadi ya NCPWD, mbona silipwi?

Kadi ni kitu kimoja, Inua Jamii ni kitu kingine, na watu wengi wanangoja kwenye foleni ambayo hawamo. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu inaonyesha tu kwamba umesajiliwa. Ile pesa ya watu wenye ulemavu mkali, iliyoanza 2011, ni ya mtu ambaye hawezi kukaa bila wa kumhudumia muda wote, na lazima nyumba yenu iandikwe kwenye usajili kama ya wazee.

Kama hata kadi hamna, jueni kinachochelewesha mara nyingi ni hospitali. Lazima mtu apimwe kwenye hospitali ya serikali na kamati ya madaktari, na kamati huwa ina siku zake. Ulizeni siku kabla ya kumbeba mtoto kwenye matatu. Nimeona mama akija na mtoto mgongoni, mtoto wa miaka kumi na mbili, siku ya Jumatatu, akaambiwa kamati ni Alhamisi.

Na mayatima?

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote, ilianza kwa majaribio 2004. Inaenda kwa nyumba inayolea watoto yatima au walio hatarini wa chini ya miaka 18, si kwa mtoto mwenyewe. Mlezi ndiye anayeandikwa, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya vifo vya wazazi tafuteni sasa. Cheti cha kifo cha mtu aliyefia nyumbani miaka mitano nyuma hakipatikani kwa wiki moja.

Mimi niko Turkana, nasikia sisi tuna yetu

Ndiyo. Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir ndiko ulikoanzia mpango wa njaa, HSNP, unaosimamiwa na mamlaka ya ukame, NDMA. Ule watu waliandikwa kwa pamoja nyumba zote na malipo yake yamekuwa 5,400 kwa miezi miwili. Taratibu zake ni tofauti, ulizeni ofisi ya NDMA ya kaunti, msinifuate mimi kwa hilo.

Kuna jamaa amesema nikimpa 1,000 atasukuma jina

Hakuna wa kusukuma. Hakuna mtu kijijini mwenye kitufe cha kusukuma. Kuandikwa ni bure, fomu ni bure, kusomewa jina ni bure. Kwangu unalipa kopi tu. Na akikuomba pini ya kadi "ili aangalie kama imeingia", huyo mwizi, hata kama ni mtoto wa chifu, hata kama ni mtoto wako.

Wakikaa kimya miezi na miezi naweza kufanya nini kisheria?

Hapa watu wengi hawajui walicho nacho. Katiba kifungu cha 43 kinasema serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu, na kifungu cha 47 kinataka ofisi ya serikali itende kwa haki na bila kukawia. Hayo ni maneno makubwa, lakini kuna sheria mbili zenye siku zilizohesabiwa.

Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua kuuliza: jina la mama yangu, namba hii, limefika hatua gani na limezuiwa na nini. Wana siku 21 kukujibu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili, na kama mzee hajui kuandika afisa anatakiwa amsaidie kuliandika ombi lake. Ya pili ni ile ya haki ya utawala ya 2015, kama uamuzi umetolewa wa kukukataa unaomba sababu kwa maandishi na wana siku 30. Wakinyamaza unalalamika kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, na hapo hulipi.

Barua isiwe ya kurasa tatu za machozi. Nusu ukurasa inatosha: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba, kijiji, tarehe mlioandikwa, na swali lenyewe. Andika nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ubaki nayo. Ule muhuri ndio unaoanza kuhesabu siku, bila muhuri umepiga stori tu pale kaunta. Nimeandikia watu barua za namna hii na si zote zilizojibiwa, sitawadanganya, lakini zilizopigwa muhuri zinatafutiwa faili, za mdomo hapana.

Mzee amefariki akiwa bado anangoja. Au alikuwa analipwa. Tufanye nini?

Poleni sana. Semeni kwa naibu wa chifu na kwa afisa, na kadi irudishwe. Msiendelee kutoa, kifo kikisajiliwa kitaonekana na msaidizi ndiye atakayeulizwa. Kama kuna mzee mwingine nyumbani, mama yenu labda, yeye anaandikwa kwa jina lake mwenyewe na anaanza mwanzo, nafasi ya marehemu hairithiwi.

SHA je, si ndio hiyohiyo?

Hapana. SHA ni ya bima ya matibabu, ilichukua mahali pa ile bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Jisajili huko kivyako.

Unafungua saa ngapi?

Saa mbili asubuhi, Jumapili hapana. Siku za malipo usinitafute kabla ya saa sita, niko kwenye laini na bibi na shangazi, nimewashikia chupa ya chai.